Makundi ndani ya makundi kwenye hifadhidata ya tovuti: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya yanarudi kila mara wasanidi wa Arusha na Moshi wanapojenga tovuti za kampuni za utalii, maduka ya vipuri au mifumo ya takwimu za maeneo. Mifano mingi hapa inatumia tovuti ya kampuni ya utalii yenye majedwali mawili: `makundi`, lenye `id`, `jina` na `mzazi_id`, na `safari`, lenye `id`, `jina`, `bei` na `kundi_id`. Mti wake ni huu, na namba ni `id` ya kila kundi:

```
1 Safari zote
   2 Kupanda milima
      4 Kilimanjaro
         6 Marangu
         7 Machame
         8 Lemosho
      5 Meru
   3 Hifadhi za wanyama
      9 Serengeti
      10 Tarangire
```

## Misingi

1. Mteja akibonyeza "Kupanda milima" anaona ukurasa mtupu, ilhali safari za Machame zimo. Kwa nini?

Kwa sababu ulizo (query) lako linasema `WHERE kundi_id = 2`, na hakuna safari iliyobandikwa moja kwa moja kwenye kundi la 2. Safari za Machame zimebandikwa kwenye kundi la 7. Hifadhidata haijui kwamba 7 iko chini ya 4, na 4 iko chini ya 2, mpaka uiambie ifuate kamba hiyo.

Kabla ya kuandika chochote, muulize mwenye kampuni: mtu akibonyeza "Kilimanjaro", aone vyote vilivyo chini yake, au vile tu vilivyobandikwa hapo hapo? Karibu kila mara jibu ni vyote. Lakini kwenye ukurasa wa msimamizi huenda akataka vile vya hapo hapo tu, ili ajue ni safari zipi bado hazijapangiwa njia ya kupandia. Hayo ni maulizo mawili tofauti, na kuyachanganya huleta malalamiko yasiyoisha.

2. Makundi yahifadhiweje tangu mwanzo?

Anza na `mzazi_id`. Kila kundi linamtaja mzazi wake tu, na kundi la juu kabisa lina NULL, yaani safu hiyo haina thamani. Weka ufunguo wa kigeni (foreign key) ili kusiwe na mtoto anayemtaja mzazi asiyekuwepo.

Weka pia faharasa (index) kwenye `mzazi_id` na kwenye `safari.kundi_id`. MySQL na MariaDB, kwa injini ya InnoDB, huunda faharasa yenyewe unapoweka ufunguo wa kigeni. PostgreSQL haifanyi hivyo kwenye safu inayorejelea. Ni juu yako.

Epuka jedwali lenye safu za `kundi_kuu`, `kundi_dogo` na `kundi_dogo_zaidi`. Linapendeza siku ya kwanza. Siku mwenye kampuni atakapotaka kugawa Machame kuwa safari za siku 6 na za siku 7, utalazimika kubadili jedwali na kila ukurasa unaolisoma.

3. Siwezi tu kuunganisha jedwali na lenyewe mara tatu?

Unaweza, ikiwa kina cha mti hakitabadilika kamwe. Miti ya namna hiyo ni michache.

4. Kwa nini nisizunguke kwa PHP au Python, nikiuliza watoto wa kila kundi?

Kwa sababu kila kundi linakuwa safari moja ya kwenda kwenye hifadhidata na kurudi. Makundi 80 ni maulizo 80 kwa ukurasa mmoja. Kwenye kompyuta yako hutaona tofauti, kwa kuwa hifadhidata iko hapo hapo. Tovuti ikihamia kwenye seva halisi ambako hifadhidata iko kwenye mashine nyingine, muda wa kila safari unajumlishwa, na mteja anasubiri.

Kuna namna moja ya kutumia programu ambayo ni halali kabisa: jedwali la makundi likiwa dogo, tuseme mistari mia kadhaa, lisome lote kwa ulizo moja, jenga mti ndani ya kumbukumbu, kisha peleka orodha ya `id` kwenye ulizo la pili. Hayo ni maulizo mawili tu, haidhuru mti una kina gani. Kwa menyu ya tovuti ndiyo njia ninayoipendekeza.

## Kuuliza tawi zima

5. Ulizo la kujirudia linafanyaje kazi?

```sql
WITH RECURSIVE tawi AS (
  SELECT id FROM makundi WHERE id = 2
  UNION ALL
  SELECT m.id
  FROM makundi m
  JOIN tawi t ON m.mzazi_id = t.id
)
SELECT s.*
FROM safari s
WHERE s.kundi_id IN (SELECT id FROM tawi);
```

Sehemu ya juu ya `UNION ALL` ni chanzo: kundi la 2. Sehemu ya chini inachukua kilichopatikana mara ya mwisho na kutafuta watoto wake. Duru ya kwanza inaleta 4 na 5. Duru ya pili inachukua 4 na 5, inaleta 6, 7 na 8. Duru ya tatu haipati kitu, kazi inakoma. Ni kama maji ya mfongo kwenye miteremko ya Kilimanjaro: yanafunguliwa juu, yanaingia kwenye kila mfereji unaoanzia pale yalipofika, na yanasimama pasipo na mfereji wa kuendelea.

Angalia kwamba chanzo chenyewe kimo ndani ya `tawi`. Wengi hukisahau, wakaanza na `WHERE mzazi_id = 2`, kisha safari iliyobandikwa moja kwa moja kwenye "Kupanda milima" ikapotea bila kosa lolote kuonekana.

6. Hifadhidata yangu inalikubali?

Maulizo ya kujirudia yaliingia kwenye kiwango cha SQL mwaka 1999, lakini kila mtengenezaji alichukua muda wake. PostgreSQL inayo tangu toleo la 8.4 la mwaka 2009, SQLite tangu 3.8.3 la mwaka 2014, MariaDB tangu 10.2, na MySQL tangu 8.0 la mwaka 2018. MySQL 5.7 haina. SQL Server inayo pia, ila hapo neno RECURSIVE haliandikwi.

Ukiwa kwenye seva ya kukodi ya bei nafuu, usiamini jina lililoandikwa kwenye paneli. Mara nyingi imeandikwa MySQL, kumbe ndani ni MariaDB. Endesha `SELECT VERSION();` ujue.

7. Natumia Django au Laravel. Lazima niandike SQL kwa mkono?

Zote mbili hazina njia ya ndani ya kuandika `WITH RECURSIVE`, ila zote zinakuruhusu kupitisha SQL yako mwenyewe, na kuna vifurushi vya kuongezea. Ukiandika mwenyewe, pitisha `id` ya kundi kama kigezo, usiibandike ndani ya maandishi ya ulizo. `id` hiyo inatoka kwenye anwani ya ukurasa, na anwani mtu yeyote anaweza kuiandika anavyotaka.

8. Nataka kuonyesha njia ya kurudi juu: Safari zote, Kupanda milima, Kilimanjaro, Machame.

Ni ulizo lile lile la swali la 5 likigeuzwa. Anza na Machame, kisha unganisha kwa `m.id = t.mzazi_id`, ukiwa umebeba `mzazi_id` kwenye chanzo. Ongeza safu ya `kina` inayoanza na 0 na kuongezeka 1 kila duru, upange kwa `kina DESC`. Bila hiyo hakuna ahadi kwamba mistari itatoka kwa mpangilio unaoutaka.

9. Nipateje idadi ya safari kwa kila kundi, pamoja na zilizo chini yake?

Usiendeshe ulizo la swali la 5 mara moja kwa kila kundi. Anzisha makundi yote kwa pamoja, kila mstari ukibeba `id` ya kundi ulikoanzia:

```sql
WITH RECURSIVE jozi AS (
  SELECT id AS juu, id AS chini FROM makundi
  UNION ALL
  SELECT j.juu, m.id
  FROM jozi j
  JOIN makundi m ON m.mzazi_id = j.chini
)
SELECT j.juu, COUNT(s.id) AS idadi
FROM jozi j
LEFT JOIN safari s ON s.kundi_id = j.chini
GROUP BY j.juu;
```

`LEFT JOIN` inahakikisha kundi lisilo na safari linaonekana na 0. Kuhesabu `s.id` badala ya `*` kunazuia 0 hiyo isigeuke 1.

10. Safari moja iko kwenye makundi mengi. Sasa matokeo yanajirudia.

Safari ya Machame inaweza kuwa chini ya "Kilimanjaro" na pia chini ya "Safari za siku 7". Hapo `kundi_id` haitoshi. Unahitaji jedwali la katikati, `safari_makundi`. Ukiunganisha majedwali hayo kwa `JOIN`, safari iliyogusa tawi lako mara mbili itatoka mara mbili.

Wengi hukimbilia `DISTINCT`. Kwa orodha ya kawaida inafaa, ila ukijumlisha bei itakudanganya: `SUM(bei)` itahesabu safari moja mara mbili, na `SUM(DISTINCT bei)` itazimeza safari mbili tofauti zenye bei sawa. Tumia `EXISTS`, inayouliza tu kama safari imo au haimo, huku `tawi` ya swali la 5 ikiwa juu yake:

```sql
SELECT SUM(s.bei)
FROM safari s
WHERE EXISTS (
  SELECT 1 FROM safari_makundi sm
  JOIN tawi t ON t.id = sm.kundi_id
  WHERE sm.safari_id = s.id
);
```

Na kwenye swali la 9, kwa muundo huu, `COUNT(DISTINCT s.id)` ndiyo sahihi.

11. Mteja amechagua "Kilimanjaro" na "Zinazofaa familia" kwa pamoja.

Tengeneza matawi mawili, kisha weka `EXISTS` mbili zilizounganishwa kwa `AND`. Ukikusanya `id` za matawi yote mawili kwenye `IN` moja, utampa kila kilichomo katika mojawapo, na mzazi mwenye mtoto mdogo ataletewa safari ngumu ambayo hakuiomba.

## Miundo mingine ya kuhifadhi mti

12. Nimesikia kuhusu kuandika njia nzima kwenye kila kundi. Ni nini?

Kila kundi linabeba njia yake kutoka juu. Kilimanjaro ni `/1/2/4/`, Machame ni `/1/2/4/7/`. Kupata tawi zima la Kilimanjaro ni `WHERE njia LIKE '/1/2/4/%'`.

Mambo mawili hukwamisha watu. Kwanza, mkwaju (`/`) wa mwisho ni wa lazima: `LIKE '/1/2%'` italeta pia kundi la `/1/21/`. Pili, kwenye PostgreSQL faharasa ya kawaida haisaidii `LIKE` ya namna hii ikiwa hifadhidata inapanga herufi kwa lugha fulani badala ya mpangilio wa C. Unda faharasa kwa `text_pattern_ops`. PostgreSQL ina pia kiongezi cha `ltree` kilichotengenezwa kwa kazi hii hasa.

13. Na namba za kushoto na kulia?

Ni mbinu iliyoenezwa na Joe Celko. Kila kundi lina namba mbili, na watoto wake wote wanaangukia katikati ya namba hizo, kwa hiyo tawi zima linapatikana kwa `BETWEEN` moja. Kusoma ni kwa haraka mno. Kuandika ni mateso, maana kundi jipya linasukuma namba za karibu nusu ya jedwali, na wasimamizi wawili wakihifadhi kwa wakati mmoja bila kufungiana, mti unavurugika. Ilikuwa na thamani kubwa wakati MySQL haina maulizo ya kujirudia. Kwa mradi unaoanza leo siipendekezi.

14. Na jedwali la nasaba?

Ni matokeo ya `jozi` za swali la 9 yakihifadhiwa kwenye jedwali lake: kila kundi na kila aliye juu yake, pamoja na umbali. Machame litakuwa na mistari 4: lenyewe, Kilimanjaro, Kupanda milima na Safari zote. Kuuliza kunabaki `JOIN` moja isiyojirudia.

15. Basi nichague ipi?

`mzazi_id` na ulizo la kujirudia, mpaka vipimo vikuonyeshe kwamba hazitoshi. Makundi ya tovuti ya utalii au ya duka yatakuwa mamia, pengine elfu chache, na ulizo la kujirudia juu ya jedwali la ukubwa huo lenye faharasa halichukui muda wa kumsumbua mtu. Ukurasa ukiwa mzito, endesha `EXPLAIN` kwanza, uone jinsi hifadhidata inavyolitekeleza ulizo. Mara nyingi kinachokosekana ni faharasa kwenye `kundi_id` au kwenye jedwali la katikati.

Ukihitaji zaidi, ongeza jedwali la nasaba *kando ya* `mzazi_id`, wala usiliondoe `mzazi_id`. Hilo libaki ndilo ukweli, na jedwali la nasaba liwe kitu unachoweza kukifuta na kukijenga upya usiku wowote.

## Mti unapobadilika

16. Nihamisheje tawi zima?

Kwa `mzazi_id`, badilisha mstari mmoja. Wote walio chini wanafuata. Kwa njia iliyoandikwa au jedwali la nasaba, lazima ubadilishe kila mzao, na ufanye yote ndani ya muamala (transaction) mmoja.

17. Tawi limehama, lakini ripoti za zamani zinatakiwa zibaki zilivyokuwa. Nifanyeje?

Hili ndilo swali gumu kuliko yote kwa mtu anayejenga mfumo wa takwimu za maeneo huku kaskazini. Mwaka 2002 mkoa wa Manyara ulimegwa kutoka Arusha, ukachukua Babati, Hanang, Mbulu, Simanjiro na Kiteto. Ukibadilisha tu `mzazi_id` ya Mbulu, ripoti ya mwaka 1999 ya mkoa wa Arusha itapungua ghafla, na hakuna atakayejua kwa nini.

Toa uhusiano nje ya jedwali la `maeneo`, uuweke kwenye jedwali la `uhusiano` lenye `mzazi_id`, `mtoto_id`, na tarehe za `kuanzia` na `hadi`:

```sql
WITH RECURSIVE tawi AS (
  SELECT id FROM maeneo
  WHERE jina = 'Arusha' AND aina = 'mkoa'
  UNION ALL
  SELECT u.mtoto_id
  FROM uhusiano u
  JOIN tawi t ON u.mzazi_id = t.id
  WHERE u.kuanzia <= :tarehe
    AND (u.hadi IS NULL OR u.hadi > :tarehe)
)
SELECT id FROM tawi;
```

Kisha amua `:tarehe` ni ipi, na uamuzi huo si wa msanidi. Anayetaka kuirudia ripoti ya 1999 kama ilivyochapishwa anahitaji mipaka ya 1999. Anayetaka kulinganisha Arusha ya 1999 na ya leo anahitaji mipaka ya leo kwa miaka yote miwili, la sivyo atadhani watu walihama kumbe ulihama mpaka. Weka chaguo hilo wazi kwenye ukurasa wa ripoti, na liandikwe kwenye kichwa cha ripoti yenyewe.

Kuhama ni afadhali kuliko kugawanyika. Siha ilimegwa kutoka Hai, na Longido kutoka Monduli. Rekodi ya zamani iliyobandikwa kwenye "Hai" tu haiwezi kujua kama ni ya Hai ya leo au ya Siha. Iliyobandikwa kwenye kata au kijiji inajipanga yenyewe chini ya wilaya mpya. Kwa hiyo bandika rekodi kwenye ngazi ya chini kabisa unayoijua, hata kama leo hakuna anayeuliza.

18. Ngazi hazilingani: mjini kuna mtaa, vijijini kuna kijiji na kitongoji.

Usitumie kina cha mti kama ngazi. Kata ya mjini ina mitaa, ya vijijini ina vijiji vyenye vitongoji chini yake, na wilaya moja inaweza kuwa na halmashauri mbili: Moshi ina Manispaa na Halmashauri ya Wilaya, Arumeru ina ya Arusha na ya Meru. Weka safu ya `aina`, na ukitaka kata zote za mkoa wa Kilimanjaro sema `aina = 'kata'`, usiseme `kina = 3`.

## Mambo ya pembeni

19. Ulizo halimaliziki. Nini kimetokea?

Kuna mzunguko: kundi limewekwa chini ya mzao wake mwenyewe. MySQL itasimama na kosa baada ya duru 1000, kikomo chake cha kawaida. PostgreSQL haina kikomo hicho, itaendelea mpaka uikatize.

Kwa ulizo la swali la 5, kubadilisha `UNION ALL` kuwa `UNION` kunatosha, kwa sababu mstari uliokwisha kuonekana hautarudi tena. Ukiwa na safu ya `kina` hila hiyo haifanyi kazi, maana kila duru inaleta mstari wenye `kina` kipya. PostgreSQL 14 na kuendelea ina kifungu cha `CYCLE` kwa ajili hii.

Tiba ya kweli ni kuzuia: kabla ya kuhifadhi mzazi mpya, hakikisha hayumo kwenye tawi la kundi linalohamishwa. Na fanya hivyo ukiwa umefunga mstari mmoja mliokubaliana, tuseme wa kundi la juu kabisa, kwa `FOR UPDATE`. Wasimamizi wawili wanaweza kupita ukaguzi kwa wakati mmoja, huyu akiweka A chini ya B na yule B chini ya A.

20. Kundi likifutwa, watoto waende wapi?

Weka `ON DELETE RESTRICT`, kisha umuulize msimamizi: watoto wapande kwa babu yao, au nao wafutwe? `CASCADE` kwenye mti ni hatari, kwani kubonyeza kimakosa mara moja kunabeba tawi zima. Isitoshe, InnoDB haishuki zaidi ya ngazi 15 kwa ufutaji wa namna hiyo.

21. Majina yanagongana.

Arusha ni mkoa, ni jiji na ni halmashauri ya wilaya. Marangu ni njia ya kupandia mlima na ni mahali watu wanapoishi. Usitafute kundi kwa jina peke yake. Tumia `id`, au jina pamoja na `aina` kama kwenye swali la 17.

Kuzuia ndugu wawili wenye jina moja, weka `UNIQUE (mzazi_id, jina)`. Kwenye PostgreSQL, MySQL, MariaDB na SQLite makundi ya juu kabisa yatapenya, kwa kuwa NULL mbili hazihesabiwi kuwa sawa. PostgreSQL 15 inakuruhusu kuandika `NULLS NOT DISTINCT`. Kwingineko, uwe na kundi moja tu la juu na mengine yote yawe chini yake.

22. Nimelificha kundi la "Kilimanjaro" wakati wa masika, lakini safari za Machame bado zinaonekana.

Sharti limewekwa mahali pabaya. Ukiandika `imefichwa = false` kwenye ulizo la nje, unaondoa Kilimanjaro pekee, huku duru zikiwa zimekwisha kupita ndani yake na kuwafikia watoto. Liweke ndani, kwenye sehemu zote mbili za `WITH RECURSIVE`, ili tawi likatwe pale pale lilipofichwa.

Lakini kuna mlango wa pili. Mtu aliyehifadhi kiungo cha Machame anaanzia kwenye kundi la 7, chini ya palipofichwa, na kundi hilo lenyewe halijafichwa. Kabla ya kuonyesha ukurasa huo, panda juu kwa ulizo la swali la 8 na uangalie kama kuna mzazi yeyote aliyefichwa njiani.